Jino Likitoka, Nafasi Yake Inakwenda Wapi?

Mzazi wa Ukunda anayeambiwa kwamba binti yake wa miaka 13 atang'olewa magego manne mazima, yasiyo na tundu wala maumivu, kabla ya kufungwa waya za meno, ana haki ya kushtuka. Tumelelewa tukijua kwamba jino hung'olewa likioza. Kulitoa lililo zima ili mengine yapate kupangika ni jambo linalohitaji maelezo, na maelezo yasipopatikana kliniki hutafutwa kwenye simu. Huko mzazi hukutana na onyo kali: kwamba kung'oa meno hukifinya kinywa, kinywa kikifinyika ulimi husukumwa nyuma, ulimi ukirudi nyuma koo huzibika, na mtoto huyo akikua atakuwa mtu wa kukoroma na kukatika pumzi usingizini. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika jambo hili wamepatia nusu. Lipo jambo la kweli ndani ya onyo hilo, lakini limetiwa chumvi hadi limepoteza umbo. Ninavyoona, kubishana iwapo meno yang'olewe au yasing'olewe ni kulishika jambo kwa mkia. La kuulizwa kwanza ni hili: jino likishatoka, nafasi lililoiacha itatumika kwa kazi gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama njia ya hewa ina la kuhofia.

Kutoa jino zima si jambo geni Afrika Mashariki. Waluo wa kando ya Ziwa Viktoria walikuwa wakiwang'oa vijana wao meno sita ya mbele ya taya la chini, na Wamasai wakatoa mawili ya kati ya taya hilohilo. Miongoni mwa sababu zilizosimuliwa ni kwamba mgonjwa wa pepopunda, taya zake zikikaza, aweze kunyweshwa kupitia pengo hilo. Huku pwani tuna uhusiano wetu wenyewe na nafasi kati ya meno: mwanya wa kuzaliwa nao huhesabiwa kuwa pambo la uso, na mwenye nao husifiwa. Lakini pengo la kimila na mwanya wa pwani vina sifa moja ya pamoja, kwamba nafasi huachwa wazi. Meno yaliyobaki hukaa yalipo, na ulimi haunyang'anywi ukumbi wake. Daktari wa kupanga meno hufanya kinyume. Yeye hutengeneza pengo ili alifunge, na katika kulifunga huyasogeza meno mengine. Kwa hiyo athari yoyote kwa njia ya hewa haitokani na kung'oa kwenyewe. Hutokana na safari ya meno baada ya kung'oa.

Tuitazame safari hiyo. Mtu mzima mwenye kinywa kamili ana meno 32: manane ya mbele ya kukatia, chonge nne, magego madogo manane na magego makubwa 12. Katika kupanga meno, yanayotolewa mara nyingi ni magego madogo manne, moja kwa kila upande, juu na chini, ambayo hukaa nyuma tu ya chonge. Kila moja lina upana wa takriban milimita 7, hivyo kila taya hupata nafasi ya kama milimita 14. Nafasi hiyo inaweza kutumiwa kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Kuna kinywa kilichosongamana, ambapo meno yamepandana kama abiria wa matatu ya jioni, jingine mbele, jingine nyuma, chonge imeota juu ya ufizi kwa kukosa pa kukaa. Hapo nafasi humezwa na meno hayohayo yakijipanga kwenye mstari, na mara nyingine magego makubwa husogea mbele kidogo kuziba kilichobaki. Meno ya mbele hayarudi nyuma kwa kiasi cha kutajika. Na kuna kinywa kisicho na msongamano, ila meno ya mbele ya juu na ya chini yamechomoza na midomo imesukumwa nje pamoja nayo. Hapo magego makubwa huzuiwa yasisogee, na meno ya mbele huvutwa nyuma ili kuzima mchomozo. Katika kinywa cha namna hii ukumbi wa ulimi hufupika kutoka mbele kwenda nyuma, na ulimi wenyewe haupungui.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lina uzito, yafaa kujua koromeo lilivyo. Bomba la hewa lililo chini shingoni limeshikiliwa na pete za gegedu, kwa hiyo haliporomoki. Koromeo, yaani sehemu iliyo nyuma ya pua, kaakaa na ulimi, halina pete hizo. Ni njia ya nyama na misuli, na misuli ndiyo inayoiweka wazi. Tukilala misuli hulegea, na kwa baadhi ya watu njia hufinyika hadi nyama zinatetemeka, tukasikia mkoromo, au hujifunga kabisa kwa muda. Madaktari huhesabu pumzi kuwa imekatika ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi, na mtu mzima ambaye pumzi yake hukatika au kufifia mara tano au zaidi kwa kila saa ya usingizi, huku akiwa na dalili, huhesabiwa kuwa na ugonjwa. Mgonjwa huamka amechoka, husinzia mchana hata akiwa kwenye usukani, na mara nyingi ana shinikizo la damu. Visababishi vinavyojulikana vyema ni unene, hasa mafuta ya shingoni, umri, taya dogo au lililorudi nyuma, pua iliyoziba na mafindofindo makubwa. Swali ni iwapo magego manne yaliyotolewa utotoni yana haki ya kuingizwa katika orodha hiyo.

Mabishano kuhusu kung'oa yana umri wa zaidi ya karne. Edward Angle, Mmarekani anayehesabiwa kuwa baba wa fani ya kupanga meno, alishikilia kwamba kila mtu ana nafasi ya meno yake yote na kwamba hakuna jino la kutolewa. Calvin Case alimpinga, na mwaka 1911 hoja hiyo ikajadiliwa kwa ukali huko Marekani. Baadaye Charles Tweed, mwanafunzi wa Angle mwenyewe, aliona wagonjwa aliowatibu bila kung'oa wakirudiwa na msongamano, akaanza upya kwa kutoa magego madogo manne. Fani ikamfuata. William Proffit alipochapisha mwaka 1994 hesabu za kliniki ya Chuo Kikuu cha North Carolina, zilionyesha kwamba mwaka 1953 wagonjwa waliong'olewa walikuwa asilimia 30, mwaka 1968 wakafika asilimia 76, na mwaka 1993 wakashuka hadi asilimia 28. Hesabu hizo zinatufunza mambo mawili. La kwanza, kinywa cha binadamu hakikubadilika kiasi hicho ndani ya miaka 40. Kilichobadilika ni mawazo ya madaktari, na kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza sababu. La pili, kipo kizazi kizima cha watu waliong'olewa kwa wingi miaka ya 1960, nao sasa ni wazee. Kama kung'oa kungekuwa kunaziba koo moja kwa moja, kizazi hicho kingetuonyesha.

Watafiti walikwenda kuwatafuta watu wa namna hiyo. Mwaka 2015, Ann Larsen na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za matibabu za watu 5,584 wenye umri wa kati ya miaka 40 na 70. Nusu yao walikosa magego madogo manne, moja kila pembe ya kinywa, na nusu walikuwa nayo yote. Wakalinganishwa kwa umri, jinsia na uzito. Miongoni mwa waliokuwa na meno yote, asilimia 9.56 walikuwa wamethibitishwa kuwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Miongoni mwa waliokosa magego, walikuwa asilimia 10.71. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba kitakwimu inaweza kuwa bahati tu. Mwaka 2019 jopo la Chama cha Madaktari wa Kupanga Meno cha Marekani lilipitia ushahidi uliokuwapo na kufikia hitimisho hilohilo: kung'oa meno kwa ajili ya kuyapanga hakujathibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa huo. Mtu anaweza kusema kwamba wengi wenye ugonjwa huu hawajawahi kupimwa, hivyo kumbukumbu za hospitali haziwahesabu. Ni kweli. Lakini kasoro hiyo imeyagusa makundi yote mawili, na hakuna sababu ya kudhani kwamba walio na meno pungufu ndio waliokwepa kupimwa zaidi.

Hapa ndipo wengi wa watetezi wa kung'oa husimama na kutangaza ushindi. Mimi nasema wamesimama mapema. Wastani wa watu maelfu huchanganya kinywa kilichosongamana na kinywa kilichochomoza, na mambo mawili yanayokwenda pande tofauti yakichanganywa hufutana. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka huohuo wa 2015 na Hu na wenzake yaliyatenganisha, na picha ikawa nyingine. Kwa watu wazima wenye meno yaliyochomoza juu na chini, ambao meno yao ya mbele yalivutwa nyuma sana, vipimo vya koromeo nyuma ya ulimi vilielekea kupungua. Kwa wenye msongamano, ambao magego yao yalisogea mbele, njia ya hewa haikufinyika, na kwa baadhi iliongezeka. Kwa vijana ambao bado wanakua, upimaji wa picha za pande tatu uliochapishwa mwaka 2010 na Valiathan na wenzake haukuona tofauti ya ujazo wa koromeo kati ya waliong'olewa na wasiong'olewa. Jambo hilo si la ajabu, kwa kuwa koo la kijana linaendelea kupanuka pamoja na mwili wake. Kwa hiyo ushahidi hautoi hukumu moja kwa kila kinywa. Unatwambia kwamba mtu mzima mwenye mchomozo, anayevutwa meno nyuma kwa kiasi kikubwa, ndiye anayehitaji tahadhari zaidi.

Na hapo ndipo jambo hili linapogeuka kuwa letu hasa. Mwaka 1989 Sunil Kapila alichapisha vipimo vya nyuso za watoto wa Wakikuyu, vilivyoonyesha kwamba meno yao ya mbele huchomoza zaidi kuliko ya Wamarekani weupe ambao vipimo vyao vilikuwa vikitumika kama kanuni. Tafiti za Waafrika wengine zimeonyesha mwelekeo huohuo. Maana yake ni nzito. Kanuni iliyotengenezwa kwa nyuso za watu wengine ikitumika Kenya bila kurekebishwa, kinywa kizima cha Mkenya huandikwa kuwa na kasoro, na dawa ya kasoro hiyo ni magego manne na kuvuta nyuma, yaani matibabu yaleyale ambayo ushahidi unayataja kwa tahadhari. Ukunda ni mji wa Wadigo, Waduruma, Wakamba, Waswahili, Waluo, wageni waliohamia kwa ajili ya hoteli za Diani na watoto wa ndoa mchanganyiko. Haiwezekani nyuso zote hizo zikapimwa kwa rula moja. Wala si kwamba hatuna haja ya madaktari hawa. Uchunguzi wa watoto 919 wa Nairobi wenye miaka 13 hadi 15, uliochapishwa mwaka 1996 na Peter Ng'ang'a na wenzake, ulikuta asilimia 72 wana kasoro ya aina fulani katika mpangilio wa meno, lakini msongamano ulikuwa kwa asilimia 19 tu. Kasoro ya mpangilio na sababu ya kung'oa ni vitu viwili tofauti.

Yapo mapingamizi, na yanastahili kujibiwa kwa heshima. Wa kwanza ni wale wanaosema kwamba wanawajua watu waliong'olewa na sasa wanakoroma. Tena wanaweza kumtaja Christian Guilleminault wa Chuo Kikuu cha Stanford, mmoja wa waasisi wa elimu ya magonjwa ya usingizi, ambaye mwaka 2016, pamoja na wenzake, aliandika kuhusu watoto wenye meno pungufu na matatizo ya pumzi usingizini. Simpuuzi mtu wa hadhi hiyo. Lakini watoto waliotajwa walikuwa wachache, na walikuwa wamekwisha kufika kliniki ya usingizi. Ukihesabu walio na mwavuli ndani ya mvua, utadhani mwavuli ndio ulioleta mvua. Zaidi ya hayo, mkondo wa sababu unaweza kuwa umegeuzwa. Egil Harvold na wenzake waliwaziba pua kima wa aina ya rhesus, wakaona taya na mpangilio wa meno vikibadilika kwa sababu wanyama walilazimika kupumua kwa mdomo. Mtoto ambaye pua yake imeziba kwa miaka huweza kukua akiwa na kaakaa jembamba na meno yaliyobanana. Akifika miaka 13 hung'olewa magego, na akifika miaka 40 hukoroma. Magego yatalaumiwa, ilhali shida ilianza puani kabla ya jino la kwanza kutolewa.

Wa pili ni wale wa upande wa pili, wanaosema kwamba milimita chache zilizopungua kwenye picha si ugonjwa, basi kwa nini tuhangaike? Kweli si ugonjwa. Picha hupigwa mtu akiwa macho, na aghalabu akiwa amesimama au ameketi, na hata jinsi alivyomeza mate wakati huo hubadili kipimo. Lakini njia ya hewa ni akiba kama akiba nyingine. Kijana mwembamba wa miaka 20 hatahisi akipunguziwa kidogo. Akifika miaka 50, akiwa na kilo nyingi na shingo nene, kidogo hicho huenda kikawa na thamani. Tahadhari hapa haigharimu kitu: ni kuuliza na kupima kabla ya kutenda jambo lisilorudishika. Wa tatu ni wale wanaouliza kama nataka watu wabaki na meno yaliyochomoza. Hapana. Midomo isiyoweza kufumba bila kukazwa, meno yanayovunjika mtoto anapoanguka, na huzuni ya kijana anayeficha tabasamu lake kwa kiganja ni sababu za kweli za matibabu. Na pale ambapo mifupa haina nafasi kabisa, kukataa kung'oa ni kuyalazimisha meno kutoka nje ya mfupa wake, na ufizi hulipa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ninachopinga ni kung'oa kwa mazoea, na kukataa kung'oa kwa woga.

Kuna jambo moja ambalo mjadala wa kung'oa hulifunika, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Watoto wengi wa pwani hulala midomo wazi, wakikoroma, wakitoka jasho na kugeukageuka usiku kucha, na watu wazima husema mtoto amepata usingizi mtamu. Mtoto hapaswi kukoroma kila usiku. Aghalabu tezi zilizo nyuma ya pua na mafindofindo ya kooni yamevimba yakaziba njia, na hilo lina tiba, pamoja na upasuaji panapohitajika. Kumkata kimeo kwa wembe, kama ilivyokuwa desturi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, hakufungui njia hiyo. Huleta hatari ya kuvuja damu na maambukizi. Mzazi anayeogopa magego manne ya binti wa miaka 13 na asiyeshtushwa na mkoromo wa mwana wa miaka mitano amelinda mlango wa nyuma akaacha wa mbele wazi. Mtoto huyo apelekwe hospitali, iwe Msambweni au Mombasa, na aombewe daktari wa masikio, pua na koo. Akisaidiwa mapema, atapumua kwa pua wakati taya zake bado zinakua, na huenda siku ya waya ikifika kinywa chake kikawa na nafasi zaidi.

Kwa familia nyingi za Kwale matibabu ya waya ni miaka miwili hivi ya safari, nyingi zikiwa za kuvuka Likoni kwenda Mombasa, na ni pesa nyingi. Anayetoa jasho hilo ana haki ya kupata majibu. Kwanza, hakikisha anayetibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Orodha yake iko wazi kwa umma. Kisha muulize: meno haya yanatolewa kwa ajili ya msongamano au kwa ajili ya kuvuta mchomozo? Meno ya mbele yatarudi nyuma kwa milimita ngapi? Umempima kwa kanuni za nyuso za nani? Kuna njia nyingine, kama kupanua taya la juu kwa mtoto anayekua, au kukwangua kidogo pande za meno? Na mwambie bila kuona haya kama mgonjwa anakoroma, analala mdomo wazi, au husinzia mchana, kwa sababu hilo linapaswa kuchunguzwa kabla ya jino lolote kuguswa. Daktari mzuri hataudhika kwa maswali hayo. Atakuonyesha picha na kukueleza mpango wake. Asiyeweza kukueleza nafasi ya jino itakwenda wapi, usimpe jino. Jino la ukubwani likishatoka, halioti tena.